KIKAPU CHA MDOMO CHA FARASI: NAMNA YA KUKICHAGUA NA KUKIVIKA

Barabara ya Ngong, itokayo katikati ya mji wa Nairobi kuelekea machweo ya jua, inapita kati ya mitaa miwili yenye watu wengi. Kusini yake uko mtaa wa Kibera, ambako askari Wanubi na jamaa zao walianza kukaa mwanzoni mwa karne ya 20. Na kaskazini yake uko mtaa wa Kawangware, katika upande wa Dagoretti. Kando ya barabara hiyo hiyo umo uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo si ajabu kuwakuta watu wa mitaa hii ambao riziki yao hutokana na farasi: masaisi wanaowalisha na kuwasugua, na mafundi wanaowapigilia viatu. Na upande wa Kawangware na Dagoretti wako wenye punda, wanaobeba maji na mizigo kwa mikokoteni.

Mtu wa kazi hii huijua sana hatari ya mnyama kukosa chakula. Lakini iko hatari ya pili ambayo watu wengi hawaiamini, nayo ni chakula kuzidi. Farasi aliyenenepa kupita kiasi anaweza kuvimba ndani ya kwato zake, akashindwa kusimama, na mwisho daktari wa wanyama akalazimika kumwua ili kumwondolea mateso. Hapo mwenye farasi hupoteza mali yake, na saisi huenda akapoteza kazi yake. Chombo kimoja kidogo, yaani kikapu cha mdomo, chaweza kuizuia hasara hiyo kikichaguliwa na kuvikwa kwa akili. Kikivikwa ovyo, huleta hasara nyingine. Somo la juma hili ni juu ya chombo hicho.

SABABU YA KUMVIKA FARASI KIKAPU

Mpita njia amwonapo farasi mwenye kikapu kinywani, naye amesimama katikati ya majani mabichi, hudhani kwamba anaonewa. Kijana huuliza, "Shikamoo, mzee. Mbona mnyama huyu mmemfunga kinywa, na chakula kimemzunguka?" Saisi mwenye ujuzi humjibu, "Marahaba, mwanangu. Hakufungwa. Amepimiwa kibaba chake."

Jibu hilo ndilo lenye kweli. Farasi kwa asili yake ni mnyama wa nchi kavu na pana. Hula kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku, huku akitembea mwendo mrefu kutafuta majani ambayo mengi hayana nguvu nyingi. Tumbo lake ni dogo ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake. Farasi wa mbio aliye katika mazoezi huimaliza nguvu ya chakula chake kwa kukimbia. Lakini farasi mzee aliyekwisha kupumzishwa, au farasi mdogo aitwaye poni anayepandwa na watoto saa moja tu kwa siku, hana kazi ya kuimaliza nguvu hiyo. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, zikiisha kunyesha, malisho hugeuka kuwa mazulia ya majani laini yenye sukari nyingi, naye hula mpaka anenepe shingo, mabega na matako.

Sukari ya majani ikizidi, mwili hutoa kwa wingi kitu kiitwacho insulini ambacho kazi yake ni kuitawala sukari katika damu. Insulini ikizidi mno kwa muda, hudhuru kwato. Mfupa ulio ndani ya ukwato umeshikamana na ukuta wake kwa utando mwingi mwembamba, mfano wa kurasa za vitabu viwili zilizoingiliana. Kurasa hizo zikilegea, uzito wa mnyama huusukuma mfupa chini. Na katika hali mbaya kabisa mfupa hutokeza katika wayo. Ugonjwa huo madaktari huuita laminaitisi.

Dalili zake ni hizi. Mnyama husimama akitanguliza miguu ya mbele na kuegemeza uzito wake nyuma. Hutembea kama anayekanyaga miiba, hasa anapogeuka. Kwato zake huwa na joto, na mshipa wa damu ulio karibu na kifundo hupiga kwa nguvu kuliko desturi. Aonaye dalili hizi asingoje kesho. Amtoe mnyama malishoni, amtandikie mahali laini, asimtembeze bure, na amwite daktari siku ile ile. Wakati huo kikapu hakitibu kitu. Kikapu ni kinga, na kinga ni bora kuliko tiba.

KUMPIMA MNYAMA KWANZA

Si kila farasi afaaye kuvikwa kikapu. Kabla ya kununua, yampasa mtu ampime mnyama wake kwa mkono na kwa kamba.

Kwa mkono: pitisha vidole juu ya mbavu zake pasipo kukandamiza. Kisha kunja ngumi yako na uguse vifundo vya vidole vyako. Mbavu zikiwa kama vifundo hivyo, mnyama amekonda, wala asivikwe kikapu. Nyosha kiganja na uguse mgongo wake. Mbavu zikiwa kama hapo, hali ni njema. Mwisho uguse nyama iliyo chini ya kidole gumba. Mbavu zikiwa zimefichwa hivyo, mnyama amenenepa. Tazama pia ukingo wa juu wa shingo, penye singa. Ukiwa mnene na mgumu, ni onyo kubwa.

Kwa kamba: pima kwa sentimeta mzunguko wa kifua chake, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, na urefu wake kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha uzidishe kwa urefu, halafu ugawanye kwa 11,880. Jibu ni uzito wake kwa kilo, kwa kukadiria. Mfano: poni mwenye mzunguko wa sentimeta 150 na urefu wa sentimeta 140 ana uzito wa kilo 265 hivi. Hesabu hii ni ya farasi waliokomaa. Punda wana umbo jingine na hesabu yao ni mbali. Uandikwe uzito huo katika daftari kila baada ya majuma mawili, kwa maana jicho la amwonaye mnyama kila siku husahau jinsi alivyokuwa jana.

Farasi anayepunguzwa unene bado hupaswa kupata chakula kikavu kisichopungua sehemu 1.5 katika kila 100 ya uzito wake kwa siku. Poni wa mfano wetu, basi, hupaswa kupata kama kilo 4 za chakula, ukiondoa maji yaliyomo ndani yake. Kumshindisha njaa ni kosa kubwa. Poni na punda wanene wakinyimwa chakula kwa ghafula, mafuta ya mwili huyeyuka na kujaa katika damu yao, na maradhi hayo huua upesi. Tena tumbo la farasi hutoa tindikali mchana na usiku. Likikaa tupu kwa saa nyingi hupata vidonda. Hii ndiyo faida ya kikapu juu ya kumfungia mnyama bandani: huendelea kutembea, kukaa na wenzake na kula kidogo kidogo, lakini kwa kipimo.

Mtu mwingine atasema, "Afadhali nimwachie huru saa tatu tu, kisha nimrudishe." Mawazo hayo yaonekana mema, lakini poni waliozoezwa hivyo walionekana kujifunza kula kwa pupa, hata saa hizo chache zikawatosha kujaza sehemu kubwa ya chakula cha siku nzima. Majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa poni yameonyesha kwamba kikapu kilichovaliwa vema hupunguza majani yanayoliwa kwa kadiri ya robo tatu au zaidi, katika muda kinapovaliwa.

KUKICHAGUA KIKAPU

Vikapu viko vya namna nyingi, lakini vyote vina sehemu tatu: ukuta unaozunguka mdomo, kitako chenye tundu, na mikanda ya kukishikilia kichwani. Vingine vimefinyangwa kwa plastiki au mpira, na vingine vimeshonwa kwa mikanda ya nailoni na kitako cha mpira mgumu. Chochote kitakachonunuliwa kitazamwe kwa mambo matano.

La kwanza ni hewa. Pua za farasi ndizo njia yake ya pekee ya kuvuta pumzi, kwa sababu hawezi kuhema kwa kinywa kama mbwa. Kikapu kizito, chenye kuziba, humsumbua sana katika joto. Kilicho wazi pande zote ndicho bora.

La pili ni maji. Kitako kiwe na tundu la kutosha kupitisha maji, ili mnyama aweze kunywa akiwa amekivaa, na maji yasituame ndani.

La tatu ni tundu la kulia. Tundu la upana wa sentimeta 2.5 hadi 3 hivi huruhusu ncha za majani kupita, na kuyazuia mafundo makubwa. Ukingo wake usiwe mkali, usije ukakwaruza midomo au kusaga meno.

La nne ni uzito na ulaini. Mahali panapogusa ngozi pawe laini, na kama pana ukali pashonewe kitambaa cha manyoya au ngozi laini.

La tano, nalo husahauliwa sana, ni kifungo dhaifu. Kikapu kikinaswa na mti au uzio wa waya, mnyama atavuta kwa nguvu zake zote. Yafaa sehemu moja ya mkanda iwe ya ngozi nyembamba, au iwe na kiungo kinachokatika kikivutwa sana. Mkanda wa nailoni usiokatika waweza kuvunja shingo.

Wako mafundi wa ngozi na viatu mjini wawezao kushona mikanda au kutengeneza iliyokatika, na kazi yao huokoa fedha. Lakini mtu asijaribu kutengeneza kikapu kwa gunia, wala kwa ndoo iliyotobolewa. Gunia likilowa huziba pumzi, na ndoo ina kingo zinazokata.

KUKIVIKA SAWASAWA

Kwanza, mshike farasi kwa hatamu yake mahali penye utulivu. Mwoneshe kikapu, akinuse, na umpe majani machache kupitia tundu lake.

Pili, ingiza mdomo ndani, kisha ufunge mkanda wa nyuma ya masikio. Ukingo wa juu wa kikapu ukae chini ya mwisho wa mfupa wa shavu kwa upana wa vidole viwili hivi. Ukipanda juu, utasugua mfupa. Ukishuka chini, utasugua pua.

Tatu, mwache farasi afumbe kinywa. Kati ya midomo yake na kitako cha kikapu pawe na nafasi ya sentimeta 2.5, upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Pasipo nafasi hiyo midomo itachubuka. Ikizidi, majani hayatamfikia.

Nne, ingiza kidole kimoja au viwili pande zote kati ya kikapu na uso. Vidole vipite pasipo kulazimishwa. Ingiza viwili pia chini ya mkanda wa koo na ule wa nyuma ya masikio. Mkanda uliolegea mno huvuliwa kwa mguu au kwa kujisugua mtini, na uliokaza huchoma ngozi.

Tano, tazama bizimu. Isikae juu ya mfupa wala karibu na jicho, na ncha ya mkanda ipenyezwe mahali pake isije ikamchoma jichoni.

Sita, mwongoze mpaka penye majani, umwangalie akiinamisha kichwa. Kikapu kinachokaa vema kichwa kikiwa juu huweza kuteleza kichwa kikiwa chini. Kisha mwongoze penye maji, wala usiondoke kabla hujamwona akinywa.

SIKU ZA KWANZA NA MUDA WA KUVAA

Siku ya kwanza avae kwa nusu saa tu, saisi akiwa karibu, naye amsaidie kwa kupenyeza majani katika tundu kwa vidole. Siku zifuatazo muda uongezwe kidogo kidogo. Hata alipokwisha kuzoea, asivae kupita saa 10 hadi 12 kwa siku. Saa zilizobaki akae bandani au uani pasipo majani mabichi, akila nyasi kavu alizopimiwa. Wengine humvika mchana na kumwachia huru malishoni usiku kucha. Huko ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, kwa maana atakula usiku yale aliyoyakosa mchana.

Majani yenyewe pia hutazamwa. Yakiwa mafupi kuliko sentimeta 5 hivi, hayataingia katika tundu. Yakiwa marefu sana hulala chini ya kitako na mnyama hushindwa kuyapata. Asiyepata kitu kabisa hukasirika au hukata tamaa, akasimama pembeni. Huyo avuliwe na apelekwe mahali pengine.

Katika nchi ya Nairobi jani lililo la kawaida ni lile liitwalo la Kikuyu, lenye asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, nalo limepelekwa hata Afrika Kusini na Australia. Jani hili lina chumvi iitwayo oksaleti, inayoishika kalisi katika utumbo isiingie mwilini. Farasi alishwaye jani hilo peke yake kwa muda mrefu mifupa yake hudhoofika, hata uso ukavimba. Kikapu hupunguza kiasi aliacho, lakini hakiondoi upungufu huo. Daktari aulizwe juu ya kumchanganyia majani mengine na kumwongezea kalisi.

Kila siku kikapu kivuliwe, kioshwe kwa maji safi na kukaushwa. Wakati huo saisi apitishe mkono mashavuni, kidevuni na nyuma ya masikio kutafuta mahali palipochubuka, na mara kwa mara atazame meno ya mbele kama yanasagika. Mwenye kidonda apumzishwe mpaka apone.

Wasiovikwa kikapu ni hawa: mwana farasi anayekua, jike anyonyeshaye, mnyama mgonjwa au aliyekonda, na yule mwenye shida ya pumzi. Tena asivikwe mnyama asiyekuwa na mtu wa kumtazama angalau mara mbili kwa siku.

JUU YA PUNDA WA MKOKOTENI

Mwenye punda wa Kawangware atauliza kama somo hili lamhusu. Lamhusu kwa namna yake. Punda hunenepa kwa chakula kidogo kuliko farasi, naye akikaa bila kazi katika malisho mazuri yaweza kumfaa kuvaa kikapu, kwa masharti yale yale. Lakini punda anayevuta mitungi ya maji kutwa nzima kwa kawaida ana shida ya kinyume: hana chakula cha kutosha.

Wako wanaotaka kumfunga punda kinywa ili asile takataka za kando ya njia. Sababu yao yaeleweka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine bado zimetapakaa, na punda azilaye huzibwa utumbo akafa kwa maumivu makali ya tumbo. Jambo hili lajulikana sana hata Lamu, mji wa punda. Hata hivyo punda hula takataka kwa sababu ana njaa. Dawa yake ni kumletea majani yake katika mfuko safi, kumpa maji mara kwa mara, na kumfunga mbali na jaa anapopumzika. Kumfunga kinywa mnyama mwenye njaa anayefanya kazi ni kumwongezea dhiki. Tena Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, huhesabu kuwa kosa kumnyima mnyama chakula na maji hata akateseka. Wazee husema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Lakini punda akifa, mzigo wa kesho utavutwa na nani?

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kipimo ndicho msingi wa shauri hili lote. Mnyama hupimwa kwanza, ndipo kikapu kikachaguliwa. Kikapu hupimwa usoni pake, ndipo kikafungwa. Muda wa kuvaa hupimwa, na uzito huandikwa daftarini. Kikapu hakimwondolei saisi kazi ya kuangalia. Kwa kweli humwongezea kazi, kwa kuwa mnyama aliyevikwa hutegemea macho ya mtu aliyemvika. Saisi afanyaye hivyo atamwona farasi wake akitembea kwa wepesi baada ya mvua, wakati ambapo wengine huanza kuchechemea. Na mwenye mali atatambua kwamba aliyekabidhiwa mnyama wake ni fundi anayeijua kazi yake.